Risala ya vijana wa klabu ya historia ya kanisa kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, baba mchungaji, wazee wa kanisa, wazazi wetu na vijana wenzetu, Bwana Yesu asifiwe sana. Kwanza asante kwa kufika, tunajua una mambo mengi na foleni ya leo wote tumeiona.

Mgeni rasmi, klabu hii ilianza kama utani tu, tukimaliza mafundisho ya kipaimara tulikuwa tunabaki nyuma tunabishana, na ubishi mkubwa ulikuwa mbona habari za injili kufika huku ni wamisionari wa Kizungu tu, Krapf, Rebmann, Livingstone, Steere, basi, hivi hao watu walitembea peke yao kweli? Ndo tukaanza kutafuta wenyewe. Leo tunakuletea watatu tu, Waafrika waliosafiri na Livingstone, yaani Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ya Ilala, Zambia ya leo (siyo hii Ilala yetu ya Dar). Watu wake wangeweza kumzika palepale kila mtu akashika njia yake, nani angewauliza? Wao wakakaa kikao wakaamua anarudishwa kwao. Moyo wakauzika chini ya mti, na aliyesoma ibada ni Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa shule ya misheni kule Nasik, India. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakauzungushia kitambaa na gome la mti, safari ikaanza. Kwa miguu mgeni rasmi, mpaka Bagamoyo, wamefika Februari 1874!

Walipofika Unyanyembe, pale Tabora, wakamkuta Mwingereza mmoja anaitwa Cameron akawashauri wamzike hapohapo yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji nao wakagoma, maiti haipiti kwetu. Sasa sikia akili yao, wakafunga furushi la vijiti likafanana kabisa na maiti, wenzao wakarudi nalo nyuma eti wanaenda kuzika, walipofika porini wakavitupa vile vijiti, huku mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo za biashara ukapita mchana kweupe. Siku tunasoma hapa darasa zima lilipiga makofi.

Bagamoyo mwili ulipokelewa kwa mapadre wa Roho Mtakatifu, halafu Zanzibar, halafu Uingereza, na Aprili 18, 1874 akazikwa Westminster Abbey. Kwenye mazishi yale Wainwright alikuwepo, ila Susi na Chuma walifika Uingereza watu wameshazika. Hili linatuuma mpaka leo. Na hata hivyo walikaa wakamsaidia Horace Waller, rafiki yake Livingstone, kuziweka sawa zile shajara za marehemu.

Jambo jingine lililotupa mjadala mrefu ni kwamba Susi alibatizwa 1886 huko Zanzibar akaitwa David, kwahiyo wakati anasimamia ule msafara alikuwa bado hajawa Mkristo. Mwenzetu mmoja akauliza sasa huyu tunamwekaje kwenye historia ya kanisa, wengi tukasema anaingia tena mbele kabisa, wachache bado wanabisha, baba mchungaji atatuamulia.

Mgeni rasmi, changamoto hazikosi. Vitabu hatuna, tunasoma kwenye simu moja watu wanane na bando likiisha ndo kipindi kimeisha. Tunaomba utushike mkono tupate vitabu vichache vya kuanzia na projekta hata ya mtumba. Pia tunaomba usafiri wa kwenda Bagamoyo tukauone ule mnara wa kanisa la zamani la misheni ulikolazwa mwili, mafuta tutachangishana, shida ni basi. Na kwa wazee wa kanisa, Susi, Chuma na Wainwright waingie kwenye masomo ya Sunday school mwaka huu, picha zao tutachora wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.