Ufuatiliaji wa ahadi za kampeni: namna ya kujaza daftari letu

Ndugu wanakikundi, assalam aleikum na habari za asubuhi.

Daftari letu la ahadi za kampeni za mwaka 2025 limeanza kujaa, ila baadhi ya maelezo hayatatufikisha mbali. Kuandika "aliahidi maji" hakutoshi. Naomba tuandike maneno yenyewe, aliyeyasema, mahali na tarehe, kisha tuonyeshe kama jambo hilo limo pia kwenye ilani ya chama na kwenye bajeti, kwa sababu ahadi ya jukwaani isiyoingia kwenye bajeti inayopitishwa Juni haina fungu la kuitekeleza.

Vilevile tutenganishe fedha kutengwa, fedha kutolewa na kazi kukamilika. Juzi nimepita kwenye kituo kimoja cha maji huku kwetu: zege limepakwa rangi, bomba ni jipya, lakini koki ukiifungua inatoa hewa tu, na akina mama wamepanga ndoo kwenye kisima kilekile cha zamani. Imeniuma sana. Hiyo tusiiandike "imetekelezwa"; tupige picha, tuweke tarehe, turudi baada ya mwezi.

Wanaofuatilia barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye kilomita 210, waandike kila kipande peke yake.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaturuhusu kuiomba halmashauri taarifa kwa maandishi, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua ya kwanza nimeshaiandaa. Atakayeweza kuipeleka masijala Jumatatu na kugongesha muhuri kwenye nakala yetu anijulishe leo.