Mdogo wangu, habari ya mayai viza

Mdogo wangu,

Hupokei simu, basi nakuandikia hapa, na walimwengu wasome. Nasikia unataka kuuza kiwanja upate pesa za kutolewa mayai hospitalini mara ya tatu, utafute mtoto. Usiuze kwanza. Mara zote mbili yalitoka, yote yakagoma kukomaa, na madaktari wakazidi kukuchoma sindano kama kuku wa kisasa. (Nisamehe.)

Kuna jeni inaitwa TUBB8. Inafanya kazi kwenye yai na kiinitete kichanga, yaani mimba ya siku za mwanzo: inatengeneza protini ya zile nyuzi zinazovuta kromosomu (vibeba jeni) yai linapojigawa ili likomae. Nyuzi zikiwa na kasoro, yai linakwama njiani. Mwaka 2016 watafiti wa Shanghai walichunguza familia 24 zenye tatizo hilo, wakakuta jeni hiyo imeharibika katika 7. Hata yai likirutubishwa, kiinitete siku za mwanzo hakijitegemei. Kinakula akiba iliyowekwa ndani ya yai, mpaka kifike seli nne hadi nane ndipo jeni zake chenyewe ziamke. Kwa hiyo mumeo anaweza kuwa mzima kabisa na mimba isishike. Sisemi ndiyo yako. Nasema ukapimwe jeni kabla ya sindano nyingine.

Kilichoninyima usingizi ni hiki: katika baadhi ya familia zile, kasoro ilitoka kwa baba. Yeye hana yai, haimdhuru, anazaa kama kawaida, kisha anamrithisha binti.

Arobaini ya mama, uani, tunachagua mchele. Shangazi akasema, wala sauti hakushusha: "Hilo limetoka kwa mama yenu. Ukoo wao wote mayai viza." Ukaweka ungo chini. Ukanitazama. Mimi nikaendelea kutoa chuya.

Ningesema nini? Ndiye aliyetulipia ada, mimi na wewe. Nyumba imejaa watu. Na wewe mdomo unao, mbona hukumjibu? Mimi mwenye watoto wawili ningefungua kinywa, ungesema najigamba. Hujui nilivyokuwa natetemeka. Ule mchele niliuchagua mara mbili.

Wiki iliyopita nilimwendea Shangazi. Nikamweleza yote, kwamba huenda jambo lenyewe limepita kwa kaka yake. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga.

"Kaka yangu? Alikuwa na mayai?"

Nikacheka naye, kidogo.