Mdogo wangu, kuhusu lile jina

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Ujumbe unausoma, unanyamaza. Naandika hapa kwa sababu najua hapa unapita.

Kwa wengine mtakaosoma: jina lenyewe ni Flint. Flint alikuwa sokwe wa hifadhi ya Gombe, mtoto wa Flo, yule bibi wa masikio yaliyochanika ambaye mtafiti Jane Goodall alimfuatilia tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Watoto wa Flo walipewa majina ya F: Faben, Figan, Fifi, Flint. Akaja Flame, akatoweka akiwa na miezi sita tu, na Flint akarudia ukitinda mimba. Miaka minane anayo, bado anapanda mgongo wa mama na kulala kiota kimoja naye. Mwaka 1972 Flo akafa kwenye kijito cha Kakombe. Flint akaacha kula. Walimwona mtini akikikodolea macho kiota kitupu. Kaka yake Figan akiwa karibu, Flint alichangamka kidogo, kisha akakimbia kurudi palepale alipofia mama. Mwezi haukupita, naye akafa.

Wewe hayo unayajua kuliko mimi. Baba kila akiyasimulia, Mama alikuvuta kwake: "Flint wangu." Kinywani mwake lilikuwa jina la kudekeza.

Siku ya kuanua matanga ya Mama ulikuwa kitandani kwake, kanga yake umeikunja chini ya shavu, uji niliokuletea asubuhi umeshika utando. Mjomba akauliza, "Huyu haji kukaa na wenzake?" Nikajibu kwa sauti, nyumba nzima isikie: "Mwacheni Flint. Tumhesabieni siku tu."

Shangazi akacheka. Ukainuka, ndala moja mguuni, nyingine mkononi, ukapita katikati yetu. Ile ndala moja, pwata, pwata, hadi leo naisikia.

Lakini na wewe! Una miaka 28, si 8. Nani alihangaikia turubai? Nani alirudisha masufuria ya kukodi? Fifi naye alikuwa mtoto wa Flo, na Freud wake hajafikisha hata miaka miwili. Aliendelea na maisha, akazaa wengine, akawa mama mkubwa wa Gombe. Kwa hiyo nakushauri: kula, oga, rudi kazini. Mimi ndivyo nilivyofanya. Ningelala na mimi, wageni wangekula nini? Na kuna aliyeniuliza kama nimelala? Wewe uliniuliza?

Flo aliandikiwa tanzia kwenye Sunday Times kule Uingereza. Ya Mama niliitunga kwenye simu, nimesimama jikoni, jina lako nikalisahau kwenye orodha ya watoto. Hilo pia najua uliliona.

Ufunguo wa chumba chake ninao. Shuka sijabadilisha. Ukija usilale pale, utajiumiza bure.

Au basi, lala. Uji nitauleta ungali moto.

Dada yako