Barua kwa Baba Mdogo: kuhusu kumhamisha Babu

Baba Mdogo, shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yake ya pekee, umwambie mjukuu wake ni mzima.

Ujumbe wa Baba Mkubwa umenifikia pamoja na orodha ya gharama za kumhamisha Babu kutoka kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, hadi Kibaha. Nimeisoma yote, kuanzia kibali na gari la kubebea mpaka tailizi, taa ya sola na kibao cha marumaru. Nakujibu wewe kwa sababu kihamba kiko mikononi mwako, lakini barua isomwe mbele ya kikao kizima, Baba Mkubwa akiwepo. Sitaki kesho isemwe kwamba napitisha maneno chini kwa chini.

Hela ya kuhamisha sitoi. Hela ya kujengea natoa, na mbele nitaeleza kiasi gani na kwa nini ile orodha siiamini. Lakini Baba Mkubwa ameandika kwamba "hata wakubwa wa dunia huhamishiwa mahali pa heshima", na hapo kanigusa penyewe. Kazi yangu huku Marekani ni kuendesha basi la wastaafu wanaozunguka kutazama makaburi ya marais wao, jimbo hadi jimbo. Msicheke. Maelezo ya njiani nayatoa mwenyewe kwenye kipaza sauti, mtoto wa Kibosho, Kilimanjaro, na wazungu wananiandikia chini. Kwa hiyo kama ni wakubwa wa dunia, tuongee.

Kwanza, Marekani haina makaburi ya pamoja ya marais. Kila mmoja amelala kwao, au pale familia ilipoamua. Virginia wako 7, New York 6, Ohio 5. Ndani ya jiji la Washington yuko mmoja tu, Woodrow Wilson, ndani ya kanisa kuu. Arlington, yale makaburi ya wanajeshi mnayoyaona kwenye televisheni, yako ng'ambo ya mto, upande wa Virginia, na marais waliozikwa pale ni wawili tu: Taft na Kennedy. Hao ndio wakubwa wa dunia. Wengi wao wako shambani, kwenye makaburi ya mji mdogo au uani kwa nyumba yao.

George Washington mwenyewe yuko shambani kwake Mount Vernon. Alipofariki Desemba 1799, Bunge lilimwomba mjane wake, Martha, mwili uje uwekwe ndani ya jengo la Bunge. Mama wa watu akakubali. Wakajenga mpaka chumba cha kaburi chini ya kuba. Lakini mzee alikuwa ameacha wosia: kaburi la zamani la familia lilikuwa bovu, lijengwe jipya la matofali palepale shambani, na yeye na ndugu zake wahamishiwe humo. Bunge likakokota miguu zaidi ya miaka 30. Mwaka 1830 mtu akaingia kwenye kaburi la zamani akaondoka na fuvu, akidhani ni la Washington, kumbe la ndugu mwingine. Ndipo familia ikaamka, na mwaka uliofuata kaburi jipya likawa tayari. Mwaka 1832, katika kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe, Bunge likaja tena na ombi lake. Warithi wakasema hapana, wosia umesema. Kile chumba chini ya jengo la Bunge kiko tupu mpaka leo. Kuhama kwa Washington kulikuwa ni kutoka kona moja ya shamba lake kwenda kona nyingine, tena kwa neno lake mwenyewe. Babu neno lake tunalijua sote: alionyesha kwa fimbo, kati ya mgomba na isale, ule mmea wetu wa mila.

Sasa Baba Mkubwa akitaka mfano wa mtu aliyehamishwa kwa heshima, nampa James Polk, rais wa 11. Alifariki kwa kipindupindu Nashville, Juni 1849, miezi mitatu tu baada ya kutoka madarakani. Kwa sheria za kipindupindu akazikwa haraka kwenye makaburi ya mji. Mwaka 1850 akahamishiwa uani kwa nyumba yake, kama alivyotaka, na mjane wake Sarah akakaa hapo akilitunza kaburi zaidi ya miaka 40. Sarah akafariki 1891. Wosia wa Polk ulitaka nyumba ibaki mikononi mwa serikali ya jimbo, akae humo daima mtu wa damu yake. Ndugu wakaenda mahakamani, wosia ukavunjwa, nyumba ikauzwa na baadaye ikabomolewa. Mwaka 1893 mume na mke wakachukuliwa wakawekwa kwenye uwanja wa Bunge la Tennessee. Mnadhani yakaisha? Mwaka 2017 na 2018 wabunge wa Tennessee walikuwa wanabishana tena, wengine wakitaka ahamishiwe mji wa Columbia alikokulia. Hajahama, lakini ona mtu wa 1849 bado anajadiliwa kikaoni. Angalieni pia kilichomlinda miaka yote ile: mjane aliyekuwa hai na nyumba ambayo haijauzwa. Baba Mdogo, nadhani umenielewa ninakoelekea, maana katika kurasa zote nne za muhtasari wa kikao chenu sijaona mahali palipoandikwa kwamba Bibi aliulizwa.

Mary Lincoln naye hakuulizwa. Mumewe, Rais Abraham Lincoln, aliuawa Aprili 1865, na wakubwa wa mji wao, Springfield, wakachagua kiwanja katikati ya mji, wakaanza kujenga kaburi ili wageni waone wakipita. Mary alitaka Oak Ridge, makaburi tulivu nje ya mji. Akawaambia wasipofuata neno lake atampeleka mumewe kwingine, na kile chumba kitupu cha Washington kilikuwa kinasubiri mtu. Wakanywea. Lincoln yuko Oak Ridge mpaka leo.

Hapo kwa Lincoln wageni wangu ndipo wanapouliza maswali mengi, na Baba Mkubwa asikilize vizuri kwa sababu ya yale marumaru. Jeneza lake lilikuwa la mbao za mjozi, ndani limezungushiwa madini ya risasi. Liliwekwa ndani ya sanduku la marumaru juu ya sakafu, zuri kweli, na mlango wa chumba ukafungwa kwa kufuli moja. Usiku wa tarehe 7 Novemba 1876 genge la watengeneza noti bandia lilikata ile kufuli. Mpango ulikuwa kumwiba rais wa watu wadai dola 200,000 na fundi wao wa kuchonga noti aachiwe kutoka gerezani. Kifuniko cha sanduku kilikuwa kimeshikwa kwa plasta tu. Wakakitoa, wakavuta jeneza likatoka nusu, likawashinda kwa uzito. Bahati nzuri mmoja wao alikuwa mtu wa serikali, akatoka kuwaita askari. Wezi wakatoroka, wakakamatwa Chicago, wakafungwa mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa sheria ya kuiba maiti ilikuwa nyepesi hivyo.

Mtunza kaburi akaingiwa na hofu, akalificha jeneza chini kwenye ghala la jengo hilohilo. Kwa miaka, watu walikuwa wanakuja kutoka mbali, wanavua kofia mbele ya sanduku ambalo mwenyewe hayumo. Mwisho mtoto wa Lincoln, Robert, akasema basi. Tarehe 26 Septemba 1901 jeneza likafunguliwa mara ya mwisho, watu 23 wakamtazama, wakamtambua kwa sura. Likashushwa futi 10 chini ndani ya kizimba cha chuma, likamwagiwa zege juu mpaka likazama lote. Wazo Robert alilitoa Chicago, kwa tajiri mwenye mabehewa ya reli, George Pullman, aliyezikwa hivyohivyo 1897. Tangu hapo hakuna aliyemgusa.

Zingatieni: Lincoln alitiwa dawa na jeneza lake lilikuwa na madini ya risasi ndani, ndiyo maana baada ya miaka 36 sura ilikuwapo. Babu hakutiwa dawa. Jeneza lake la mbao kwenye udongo wetu wenye unyevu limeshaisha. Kitakachopanda gari kwenda Kibaha ni mifupa michache, na michache zaidi kama fundi atachimba kwa sururu badala ya koleo na mikono. Shangazi anayesema Babu alilishwa sumu, afukuliwe apimwe, naye nina jibu lake. Rais Zachary Taylor alifukuliwa Louisville Juni 1991, karibu miaka 141 baada ya kufa, kwa maneno hayohayo. Wakapima nywele na kucha, wakakuta sumu kidogo kama aliyo nayo mtu yeyote, wakamrudisha. Mwili umesumbuliwa na jibu ni hakuna.

Wezi wa makaburi hawachagui. Mwaka 1878 walimtoa John Scott Harrison, mtoto wa rais na baba wa rais. Kaburi lake Ohio lilijengewa matofali, likawekewa mawe mazito na saruji, na mlinzi akawekwa. Kesho yake mtoto wake mmoja akaenda kwenye chuo cha udaktari Cincinnati kutafuta maiti ya kijana mwingine, akakuta mwili wa baba yake unaning'inia kwa kamba kwenye shimo. Saruji haikuwa imekamata vizuri, au mlinzi alikuwa na bei yake. Nalisema hili kwa ajili ya yule mlinzi mliyemwandikia mshahara wa mwaka mzima kwenye orodha.

Makamu wa rais nitawapita haraka, kama watu wanavyowapita. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa rais aliyekufa, shada la maua hupelekwa kaburini kwake kwa niaba ya rais aliyeko. Makamu hawana hilo. George Clinton alifia madarakani 1812, akazikwa Washington, na mwaka 1908 akafukuliwa akarudishwa Kingston, New York, kwao. John Calhoun, watu wake walimtoa usiku wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe wakamficha kwenye kaburi lisilo na alama karibu na kanisa, Charleston, wakiogopa askari wa kaskazini, kisha 1871 akarudishwa palepale. Aaron Burr, yule aliyemuua mpinzani wake Alexander Hamilton, alilala Princeton karibu na baba yake na babu yake, miaka mingi bila hata jiwe. Ukitaka kuwaona makamu kwa wingi, nenda Crown Hill, Indianapolis, wako watatu pamoja na rais Benjamin Harrison.

Rais Grant simwachi. Jenerali mkubwa kuliko wote, angeweza kulala kwenye chuo cha jeshi cha West Point na wanajeshi wenzake. Hakutaka, kwa sababu mkewe Julia asingeruhusiwa kuzikwa naye pale. Akapelekwa New York, na watu wapatao 90,000 wakachanga zaidi ya dola 600,000 kumjengea jengo lililofunguliwa 1897. Kwenye lile jengo zima kuna masanduku mawili ya jiwe jekundu, sawa kwa sawa, yeye na Julia. Hata Jimmy Carter, Januari 2025, baada ya ibada zote Washington, alirudishwa kijijini kwake Plains akalazwa kando ya Rosalynn, uani kwao. Sasa nyie mnampeleka Babu Kibaha, na Bibi akija kuondoka mtamlaza wapi? Au naye ataandikiwa orodha yake?

Kuhusu kibao cha marumaru chenye vyeo vyote vya Babu: Jefferson aliandika mwenyewe maneno ya kaburi lake, mambo matatu tu, tangazo la uhuru, sheria ya uhuru wa dini na chuo kikuu cha Virginia. Urais hakuutaja. Babu aandikwe jina, miaka, na kwamba alianzisha mfereji. Uenyekiti wa ushirika uacheni, mnajua ulivyoisha. Na ile taa "isiyozimika", mwenge wa Kennedy una bomba la gesi na cheche ya umeme inayowaka muda wote mdomoni ili upepo ukiuzima uwake tena. Sola ya laki moja itazimika masika ya kwanza. Eisenhower, aliyeongoza majeshi ya nusu ya dunia, alizikwa kwenye jeneza la kawaida la jeshi la dola 80. Coolidge ana jiwe dogo Vermont, mstari mmoja na ukoo wake, ni nembo ya rais tu inayokuonyesha nani alikuwa rais.

Tuje kwenye hela. Mmeniandikia mifuko 18 ya saruji. Bamba la kaburi la mita 2.1 kwa 0.9, unene sentimita 10, ni chini ya robo ya mita moja ya ujazo. Kwa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, halimalizi mifuko miwili. Msingi na ukingo wa kozi mbili za tofali, pamoja na lipu, mpeni fundi mifuko mitatu zaidi. Nondo za milimita 10 mbili zinatosha, zikatwe na kufungwa kila sentimita 20, ziinuliwe kwa vijiwe zisilale kwenye udongo, la sivyo zitapata kutu na bamba litapasuka katikati. Maji yasizidi: fundi akipenda zege la uji ni kwa raha ya mkono wake. Baada ya kumwaga, funikeni kwa majani ya migomba na kumwagilia siku 7. Msingi usivuke upande wa kushoto. Nafasi ile ni ya Bibi, na ibaki udongo mtupu.

Kiasi cha mifuko mitano, nondo, tofali 30 na fundi nimemtumia Mama Neema, si mtu mwingine. Fundi alipwe nusu, nusu nyingine bamba likishakauka.

Baba Mkubwa, najua kihamba kumwangukia kitinda mimba kunauma, na mila hiyo hukuipanga wewe. Kwenye kibao, chini ya Babu, jina lako litakuwa la kwanza. Ila kwenye kikao kijacho Bibi akae kiti cha mbele, aseme kwanza kabla ya mtu yeyote, na muhtasari niutumiwe.

Huku theluji imeanza na pombe ya mbege ya kopo wanayouza kwenye duka la Waafrika haina ulezi wowote, nawaapia. Mnisalimie wote, na padri, na yule mbuzi wangu kama bado yupo.

Mtoto wenu,
Dereva