Barua kwa Mwanangu: Gia za Mkono au Otomatiki

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu na anasisitiza ujifunike vizuri kwa baridi ya huko. Ujumbe wako kuhusu gari nimeusoma mara tatu, na nikaona kwamba si jambo la kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Unasema umeweka akiba kwa miaka 6, umeipata Toyota GR Supra ya lita 3.0, na muuzaji hapo Manchester anazo mbili zilizotengenezwa mwaka ule ule na bei zinazokaribiana: moja ina gia sita za mkono, nyingine ni otomatiki ya gia nane. Umeniuliza ningechukua ipi. Katika ufundi wangu wa miaka zaidi ya 40 nimeulizwa swali hilo na wenye teksi, wenye malori na akina mama wa sokoni, lakini sijapata kuulizwa kuhusu gari la mbio, tena na mtoto wangu mwenyewe, kwa hiyo niruhusu nilijibu taratibu.

Kwanza tuliweke kando suala la mwendo, maana ndilo linalowapotosha wengi. Zamani mtu aliyetaka gari liende kweli alichukua gia za mkono bila kufikiri, kwa sababu otomatiki za wakati ule zilikuwa na gia tatu au nne tu, zikipoteza nguvu ya injini ndani ya mafuta yake na kubadilisha gia kwa kusitasita kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hayo yamekwisha. Kwa gari hilo unalolitaka, takwimu za Toyota zinaonyesha kwamba la otomatiki hufika kilomita 100 kwa saa katika sekunde 4.3, na la gia za mkono katika sekunde 4.6. Injini ni ile ile ya BMW, silinda sita katika mstari mmoja na turbo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa. Tofauti inaanzia mguuni mwako: unapobadilisha gia kwa mkono huna budi kuachia mafuta na kukanyaga klachi, na katika nukta hiyo turbo inapungukiwa pumzi, ambapo otomatiki hubadilisha gia huku injini ikiendelea kusukuma. Hakuna mguu wa binadamu, hata uwe mwepesi namna gani, utakaoishinda kazi hiyo.

Wenye mashindano walilijua hili mapema. Mwaka 1989 Ferrari walipeleka Brazili gari la Formula 1 lenye vipadali vya gia nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda nalo katika shindano lake la kwanza, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye usukani muda wote. Wenzao wote walifuata. Baadaye ufundi huo ukashuka hadi magari ya barabarani, na ikaja ile giaboksi ya klachi mbili, ambamo gia witiri zina klachi yake na gia shufwa zina yake, hivi kwamba ukiwa kwenye ya tatu, ya nne imekwisha kujiandaa inasubiri zamu. Leo Ferrari mpya ya gia za mkono huipati, na Corvette ya Marekani, tangu toleo la mwaka 2020, haina kabisa pedali ya klachi.

Hata hivyo, kuna kisa kimoja ninachotaka ukitafakari. Mwaka 2013 Porsche walileta 911 GT3 mpya, gari lililotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda kuendesha kuliko kitu kingine chochote, wakaondoa gia za mkono na kubakiza klachi mbili peke yake. Kwa hesabu za saa hawakukosea. Lakini wateja walinung'unika kwa nguvu, na mwaka 2016 kampuni ikatoa 911 R, magari 991 tu, yote ya gia za mkono, na watu wakayagombania. Mwaka uliofuata GT3 ikarudishiwa gia za mkono kwa anayezitaka. Aliyezichagua alikuwa akifika kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.9, na aliyechagua klachi mbili katika sekunde 3.4, kwa injini hiyo hiyo. Watu wenye fedha, waliojua wanachokinunua, waliiacha nusu sekunde kwa hiari yao. Toyota nao walipita njia hiyo: Supra hii ilitoka mwaka 2019 ikiwa otomatiki peke yake, na ni mwaka 2022 ndipo walipoiongezea gia za mkono baada ya wapenzi wa gari hilo kuziomba kwa muda mrefu.

Kwa nini mtu akubali kuwa wa pili? Sikupata jibu lake vitabuni. Nililipata kwenye mteremko wa Soni. Nilikuwa na miaka 19, mwanagenzi katika gereji hapa mjini, na bosi wangu alikuwa na Peugeot 404, aina ile ile ya gari ambayo Bert Shankland wa Tanzania alishindia Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Gia zake zilikuwa kwenye shingo ya usukani, unazitafuta kwa vidole vya mkono wa kushoto. Siku hiyo tulikuwa tunarudi kutoka Lushoto na mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Nikataka kumwonyesha mzee kwamba najua kubana mafuta, basi tulipoipita Soni nikatia frii, gari likateremka lenyewe kuelekea Mombo, na mimi nikawa nalishika kwa breki katika kila kona. Kona ya nne au ya tano, pedali ikaanza kuzama, na harufu ya breki zilizoungua ikajaa ndani ya gari. Mzee hakupiga kelele. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wangu, akaniambia nikanyage klachi, nipige resi kidogo, kisha akausukuma mkono wangu hadi kwenye gia ya tatu, halafu ya pili. Injini ililia, gari likajishika kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma. Tukasimama pembeni, tukakaa kimya hadi ringi zikapoa.

Tangu siku hiyo naijua gia kwa mwili. Ninajua injini inataka nini kabla ya macho yangu kufika kwenye mshale wa mizunguko. Sikwambii kwamba otomatiki haiwezi kulishika gari mteremkoni. Supra ina vipadali vyake kwenye usukani, unaweza kuiamuru ishuke gia nawe ukajionea kompyuta ikiilinganisha mizunguko ya injini na mwendo wa magurudumu kwa usahihi kuliko bosi wangu. Ninachokwambia ni kwamba kwa gia za mkono wewe ndiye unayeilinganisha, unaposikia zimeingia bila mtikisiko unajua umefanya vema, na zisipoingia vizuri gari linakwambia papo hapo. Anayenunua gari kwa ajili ya kuliendesha analipia mazungumzo hayo.

Sasa tuje kwako. Ungekuwa unaniambia kwamba gari hili ndilo litakalokupeleka kazini kila asubuhi kupitia M60, barabara kuu inayouzunguka mji wa Manchester, ukisogea mita 10 na kusimama, ukisogea na kusimama tena, ningekujibu kwa mstari mmoja: chukua otomatiki, usimsikilize mtu. Klachi ya gari lenye nguvu namna hiyo si nyepesi, na goti la kushoto halina vipuri. Ile otomatiki ya Supra, inayotengenezwa na kampuni ya ZF ya Ujerumani, pia si ya kudharauliwa hata kidogo; jamii ya giaboksi hiyo imo katika magari mengi ya BMW na hata Jaguar, na mafundi wenzangu wanaoifungua wanaiheshimu. Lakini wewe kazini unakwenda kwa tramu. Gari unalitaka kwa Jumamosi, kwa ile barabara ya Snake Pass uliyonitumia video yake, inayopanda kutoka Glossop na kujipindapinda juu ya vilima hadi upande wa Sheffield. Barabara ya namna hiyo ni kona na kona, gia ya pili, ya tatu, ya pili tena. Hapo sekunde 0.3 hazina mnunuzi, kwa kuwa sheria haikuruhusu kwenda mbio hizo na mimi pia sikuruhusu, lakini mkono na mguu vitakuwa na kazi ya kufanya.

Jambo jingine, mkono wenyewe unaijua tayari. Nilikufundisha kwa Hilux yetu kule Raskazone, ulipokuwa bado unatanguliza mto kwenye kiti ili uone mbele, na huko Uingereza usukani uko kulia kama kwetu, kwa hiyo gia utaikuta palepale kushoto ulipoiacha. Nilikusumbua ufanye mtihani wa leseni kwa gari la gia za mkono, maana anayepimwa huko kwa otomatiki haruhusiwi kuliendesha lile jingine. Ulinikasirikia kidogo wakati ule. Leo uko huru kuchagua kati ya magari yote mawili.

Basi mimi ningechukua la gia za mkono. Ila usiondoke na jibu hilo kabla hujasoma onyo langu, kwani lina hatari moja ambayo mwenzake hana. Ukiwa gia ya tatu, injini inazunguka mara 6,500 kwa dakika, unataka kuingiza ya nne, lakini kwa haraka ukauvuta mkono vibaya ukaingia ya pili na kuachia klachi, magurudumu yataisokota injini kupita kikomo chake, hata zaidi ya mara 9,000. Valvu zinaweza kugonga pistoni. Otomatiki ingekataa amri hiyo. Gia za mkono hutii kila unachosema, hata ukikosea. Supra hiyo ina programu inayokupigia resi yenyewe unaposhuka gia, na ni msaada mzuri, lakini haiwezi kukuzuia usiingize gia isiyo yake. Kwa hiyo usiishike gia kwa ngumi. Iweke kwenye kiganja kilicholegea, uitoe gia, uiache springi iliyomo ndani ikupeleke katikati, kisha ndipo uingize inayofuata. Haraka ya mkono ndiyo inayoua injini. Na usipumzishe kiganja juu ya gia ukiwa safarini, wala mguu juu ya klachi; umenisikia nikiwafokea madereva wa daladala kwa hilo tangu ukiwa mdogo.

Siku ya kulijaribu, omba ulikute injini ikiwa baridi, uisikilize inapowaka. Kanyaga klachi kabisa na uachie taratibu ikiwa frii: ukisikia mlio wa kukwaruza unaokuja na kupotea kwa mguu wako, bearing ya klachi imechoka. Ukifika barabara iliyo wazi, ingia gia ya nne kwa mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ukiruka juu na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza, na kwa gari hilo kuibadilisha ni fedha nyingi. Mwambie muuzaji aibadilishe au apunguze bei, usione haya. Ingiza ya pili ikiwa bado baridi, mara kadhaa, na uangalie kama inakwaruza. Uliza waziwazi kama gari limewahi kupelekwa kwenye viwanja vya mbio, na utake daftari la huduma lenye tarehe.

Endapo utaliona la otomatiki ukalipenda zaidi, sitanuna hata kidogo, lakini uliza jambo moja: mafuta ya giaboksi yamebadilishwa lini? Wauzaji wengi watakwambia ni ya maisha yote. Waliolitengeneza giaboksi hilo, ZF wenyewe, wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na chujio lake limejengwa ndani ya sinia la plastiki chini, kwa hiyo vyote hubadilishwa pamoja. Nimeona mafuta meusi yakitoka kwenye giaboksi ambazo wenyewe waliapa hazihitaji kuguswa.

Nimalizie na kitu ambacho hakimo katika daftari lolote. Angalia mpira wa pedali ya klachi. Kama saa ya gari inasema maili 9,300, yaani kama kilomita 15,000, mistari ya mpira huo inapaswa kuwa mikali bado. Ukiikuta imelainika na kung'aa, saa hiyo au mmiliki huyo kuna mmoja asiyesema kweli. Pedali zote tatu zipige picha kwa karibu, na kirungu cha gia pia, unitumie kabla hujalipa hata senti moja.

Akupendaye,
Baba yako