Udongo mkavu haujafa, Mhariri

Mhariri,

Salamu kwanza. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mwalimu wa biolojia niliyestaafu, saa hii nalima mahindi na mbaazi huku Machakos. Juzi kwa ule ukurasa wa kilimo mliandika ati kiangazi kikikaza udongo "unakufa", na mkulima angoje mvua ikolee wiki mbili tatu ndo apande. Hapo pa kungoja mvua ikolee nilishindwa kunyamaza, hadi chai ikapoa mkononi.

Udongo haufi kirahisi hivo. Ndani yake mna vijidudu ambavyo macho hayavioni, bakteria na kuvu, vinakula mabua, majani na mizizi iliyooza, vinatumia oksijeni na kutoa hewa ya kaboni vile mimi na wewe tunatoa, yaani vinapumua. Ukijumlisha udongo wa dunia nzima pamoja na mizizi iliyomo, hewa ya kaboni inayotoka humo kwa mwaka inashinda ile ya magari na viwanda vyetu vyote karibu mara kumi, ingawa mimea inairudisha nyingi, kwa hiyo asije mtu akasingizia udongo kwa haya mambo ya tabianchi.

Hili neno kupumua lilinisumbua darasani miaka yote. Mtoto ukimwambia kupumua anashika kifua, ukimwambia seli inapumua anacheka, itapumulia wapi na haina pua? Nilikuwa nawaambia hivi: umepanda matatu alfajiri na noti ya elfu, konda hana chenji, anakushusha. Ugali uliokula ndo hiyo noti, seli haiwezi kuitumia nzima, lazima ivunjwe iwe sarafu ndogo ndogo, na hizo sarafu ndo tunaita ATP, alafu ile oksijeni unayovuta inatumika huko mwisho mwisho wa kuvunja. Bakteria wa shambani naye ana hesabu hiyo hiyo. Vitabu vyetu vilisema chembe moja ya glukosi, ile sukari inayotoka kwa ugali, inatoa ATP 38, na mtoto akiandika kingine nilimpiga kosa, kumbe waliokuja kupima vizuri baadaye wanapata kama 30 hadi 32 hivi. Niliowakata maksi mnisamehe, najua mko wengi.

Sasa nirudi kwa mvua. Kuna mtafiti anaitwa H. F. Birch, alifanya kazi pale Muguga, Kiambu, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mwaka 1958 alichapisha kazi yake: alichukua udongo wa huku kwetu, akaukausha, akaunyeshea maji, akapima. Alichokiona ni kwamba udongo uliokauka ukipata maji unalipuka kwa kupumua, hewa ya kaboni inatoka kwa fujo siku chache za kwanza alafu inapungua, na pamoja nayo inatoka naitrojeni ambayo mmea unaweza kuinywa. Ukikausha tena ukanyeshea tena, mlipuko unarudi. Na kiangazi kikiwa kirefu, mlipuko unakuwa mkubwa zaidi. Hadi leo watafiti wa Ulaya, Marekani na Australia wanakiita kitu hicho kwa jina la Birch, na miaka yote niliyofundisha, umbali wa safari ya matatu mbili tu kutoka Muguga, sikukiona kwa kitabu hata kimoja cha shule. Hiyo inaniuma kuliko hata habari yenu.

Sababu zake ni kama hizi. Wakati wa kiangazi vijidudu vingine vinakufa, vilivyobaki vinajilimbikizia vitu ndani ya seli ili visikauke. Mvua ikija ghafla maji yanaingia kwa nguvu, vinalazimika kuvitema vile vitu haraka visije vikapasuka, na waliokufa nao wanageuka chakula cha waliobaki. Juu ya hapo madonge ya udongo yanavunjika, uchafu uliokuwa umefichika ndani unapatikana. Ni karamu!

Nilijaribu mwenyewe jikoni, mke wangu shahidi na mlalamishi. Nilinunua chokaa ya kupaka ukuta, nikakoroga na maji, nikaacha itulie, nikamimina yale maji safi ya juu kwa vikombe vitatu vidogo, maana maji ya chokaa yakikutana na hewa ya kaboni yanageuka meupe. Chupa tatu za jamu zenye mdomo mpana: moja udongo mkavu wa shambani, ya pili udongo ule ule nimeunyunyizia maji, ya tatu udongo nilioukaanga kwa sufuria kuukuu hadi ukafuka moshi alafu ukapoa nikaunyunyizia pia. Kila chupa kikombe kimoja cha maji ya chokaa ndani, vifuniko vikakazwa, nikalala. Asubuhi kile cha udongo uliopata maji kilikuwa cheupe kama maziwa ya kuchanganya na chai, vile vingine viwili vina utando mwembamba tu juu. Mjukuu wangu wa darasa la sita akauliza kama udongo ulikuwa unakoroma.

Kwa hiyo Mhariri, yule mkulima unayemwambia angoje wiki tatu unampotezea naitrojeni ya bure. Mvua zikizidi zinaisukuma chini mizizi isikofika, yeye ndo kwanza anatafuta mbegu, alafu anaenda kukopa pesa ya CAN, ile mbolea ya naitrojeni ya dukani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anapanda kwa vumbi kabla tone halijaanguka na majirani wakimcheka. Najua ina hatari yake, mvua ikidanganya mbegu inaoza au inaliwa na wadudu, hilo siwafichi.

Na hiyo karamu ni akiba inaliwa. Kila mlipuko unachoma mboji ya shamba, kwa hiyo ukichoma mabua, na samadi badala ya kuirudisha shambani ukaiuza, miaka inavyoenda hata mvua ikinyesha hamna cha kulipuka. Shamba la pale chini kwangu limefika huko, udongo mwekundu mtupu, na mwenyewe anasema ni uchawi.

Naomba mrekebishe ile habari, na mtume mwandishi Muguga, bado kuna watafiti pale. Mwanasayansi Hans Krebs alipopima kupumua kwa seli kwa nyama ya kifua cha njiwa, akaandika barua kwa jarida la Nature mwaka 1937, mhariri alimrudishia ati barua zimejaa za kutosha wiki saba au nane. Akapeleka kwingine, na 1953 akapewa Nobel. Mimi Nobel sitaki, ila wiki nane siwezi kungoja, mawingu yameanza kujikusanya huku na mabua ya watu yako kwa kiberiti.

Mwalimu mstaafu,
Machakos