Talaka ya Minangkabau: ardhi ya ukoo si mali ya kugawana

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja alidai katika ukurasa huu kwamba kwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, nchini Indonesia, talaka humwacha mwanamume mikono mitupu kwa kuwa mali yote ni ya wanawake. Naomba nafasi nimsahihishe, maana amechanganya mali za aina mbili ambazo wenyewe wamezitenga tangu zamani.

Iko mali ya urithi wa juu, wanayoiita harta pusaka tinggi: mashamba ya mpunga, ardhi na rumah gadang, yaani nyumba kubwa ya ukoo, ambayo hurithiwa kwa upande wa mama. Talaka haiigusi mali hii, kwa kuwa hata mke hana mamlaka ya kuigawa. Ni ya ukoo mzima, msimamizi wake ni mamak, yaani mjomba, na hata kuiweka rehani huruhusiwa kwa dharura chache tu, kama vile kugharimia maziko au kukarabati nyumba ya ukoo inayovuja.

Walichokichuma mume na mke katika ndoa ni jambo jingine kabisa. Hiyo huitwa harta suarang, na mila inatamka waziwazi kwamba alichokuja nacho mume huondoka nacho, alichokikuta hukiacha, na walichokichuma pamoja hugawanywa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1974 nayo inaitambua mali ya pamoja, na Mkusanyiko wa Sheria za Kiislamu wa mwaka 1991, katika kifungu cha 97, unampa kila mtalaka nusu, isipokuwa kama mkataba wao wa ndoa umesema vingine.

Fundo lenyewe, ambalo msomaji huyo hakuligusa, ni nyumba iliyojengwa kwa fedha za wote wawili juu ya ardhi ya ukoo wa mke. Mume, ambaye pengine alitoka kwenda merantau, yaani kutafuta riziki ugenini, akawa anatuma fedha za ujenzi miaka nenda miaka rudi, hawezi kudai kiwanja, na nyumba haibebeki. Nionavyo mimi, anastahili nusu ya thamani ya jengo, alipwe kwa fedha, na ardhi ibaki kwa wenyewe. Lakini atathibitishaje alichotoa ikiwa hakuna kilichoandikwa? Makubaliano yangeandikwa mbele ya mamak kabla msingi haujachimbwa, ingawa najua wapo watakaoona kufanya hivyo ni kuitabiria ndoa mabaya. Kuiuza nyumba ili wagawane bei hakufai, kwa sababu watoto ni wa ukoo wa mama yao na humo ndimo wanamolala. Malipo ya awamu yangempa baba haki yake bila kuwang'oa.

Msomaji wako